Mchezo wa video: kupoteza wakati tu, ao sanaa pia?

Juma lililopita mama mmoja muuza samaki alinifuata kwenye kalasi, akimshika mtoto wake mkono. Akasema: «Mwalimu, huyu amenishinda. Baba yake akiwa ziwani usiku, na mimi nikiwa kwenye moto ninakausha samaki, yeye yuko kwenye nyumba ya michezo ya video. Franka nilizompa anunue chumvi zimeishia kule. Afazali aache masomo, aende kuvua.»

Mtoto huyo ana miaka 12. Hesabu anaijua, na katika kuchora anawapita wenzake wote. Nilimwomba mama anipe siku chache nifikiri. Leo ninawaandikia jibu nililompa, maana najua si yeye peke yake mwenye shida hii hapa Kyavinyonge.

Kwanza, hasira yake ni ya haki. Feza ya chumvi ni feza ya chumvi. Tena michezo mingine ni ya kuuana tu: mtoto anashika bunduki ya kwenye ekrani, anaangusha watu, anahesabiwa alama. Sisi wa upande wa Beni tunajua namna risasi ya kweli inavyolia. Hatutaki mtoto azoee kucheka mbele ya kifo.

Lakini je, michezo yote ni hiyo? Mchezo wa video ni wa kupitisha wakati tu, ao unaweza kuwa sanaa, kama wimbo, kama mchoro, kama hadithi ya bibi kando ya moto? Wenye elimu wamebishana sana juu ya jambo hili. Mwaka 2010, Roger Ebert, Mmarekani aliyejulikana kwa kuchambua sinema, aliandika kwamba michezo hii haiwezi kamwe kuwa sanaa. Sababu yake moja ni kwamba mchezo una kanuni na alama, na mtu anaweza kuushinda. Lakini wimbo ao hadithi hakuna anayeishinda. Mwaka 2012, Museum of Modern Art ya New York, nyumba kubwa ya kuhifazi kazi za sanaa, ikaingiza michezo 14 ya video kati ya vitu vyake, pamoja na Pac-Man ya mwaka 1980 na Tetris ya mwaka 1984.

Mimi jibu langu nimelipata karibu zaidi, kwa jirani zetu wa Uganda. Kijana mmoja wa Sudani Kusini, Lual Mayen, alizaliwa njiani wazazi wake wakikimbia vita. Dada zake wawili walikufa katika safari ile. Alikulia katika kambi ya wakimbizi, kaskazini ya Uganda. Siku moja akaona kompyuta, akamwambia mama yake kwamba anaitaka. Wamama, fikirini: mkimbizi, chakula ni cha kupimiwa, na mtoto anaomba kompyuta! Mama yule hakumcheka. Aliweka akiba kidogo kidogo kwa miaka 3 mpaka akapata dola 300, akamnunulia. Kambini umeme haukuwapo. Kijana alikuwa akitembea saa 3 kwa miguu kwenda kuichaji.

Huko kambini aliona mchezo wa video wa bunduki na wizi. Akajiuliza: kama mchezo unaweza kufundisha kupiga, je, hauwezi kufundisha amani? Akajifundisha mwenyewe, akatengeneza mchezo unaoitwa Salaam, maana yake amani. Anayecheza anakuwa mkimbizi: anakimbia vita, anatafuta maji, chakula na dawa mpaka afike mahali pa usalama. Mwaka 2018 Lual Mayen alipewa heshima katika sherehe ya The Game Awards, kule Marekani.

Hapo ndipo ninaachana na Bwana Ebert. Katika Salaam, kushinda si kuua; kushinda ni kufika ungali hai. Wimbo unaweza kukusimulia habari za mkimbizi, nawe ukasikiliza umekaa. Mchezo huu unakuweka wewe mwenyewe njiani, maji yamekwisha, na vidole vyako ndivyo vinavyoamua. Mtu ametia ndani yake mambo aliyoyaishi, na yule wa mbali aliyelala salama maisha yake yote anayaonja kidogo. Kama hiyo si sanaa, sijui sanaa ni nini.

Basi nilimwambia mama yule hivi. Usimtoe mtoto katika masomo. Saa za masomo na feza ya nyumba, hapo ukatae bila kuogopa. Lakini siku ya posho, uende naye kwenye nyumba ile, ukae, uangalie anachocheza. Umuulize maswali matatu: mchezo huu unasimulia nini? Aliyeutengeneza alitaka nikumbuke nini? Na wewe ungekuwa mtengenezaji, ungebadili nini?

Juzi amerudi na daftari la mtoto. Amechora mchezo wake mwenyewe: mtumbwi unatoka usiku, lazima uepuke viboko na mawimbi, usipoteze nyavu, ufike ngamboni kabla ya mapambazuko. Kwenye ngambo kuna mwanamke amesimama na kikapu. Nilimuuliza ni nani. Akasema: «Ni mama. Asipokuwepo pale, mchezo hauishi.»

Mama yake alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakusema kitu. Ila franka za kununua daftari lingine alizitoa yeye mwenyewe.