Kwa Nini Maabara Hutuambia "Njoo Keshokutwa"



Mama mmoja alinijia dirishani akiwa amekunja uso. "Sista, malaria mnanipa jibu kabla sijamaliza chai. Mkojo wa mwanangu umelala huko siku ya pili leo, mnaufanyia nini?" Nilicheka, lakini swali lake lilikuwa la haki. Na si yeye peke yake. Wengi hapa Lugoba, hata wanaotoka Msata na Mbwewe, wakiambiwa kipimo cha kuotesha kitachukua siku tatu, huona wanazungushwa. Wanapitia duka la dawa, wananunua vidonge vya rangi mbili, na hawarudi tena. Baada ya mwezi wanatujia na kile wanachokiita "UTI sugu".

Kipimo cha haraka cha malaria hutafuta alama ya mdudu ndani ya damu. Kipimo cha kuotesha ni kazi nyingine kabisa. Hapa mtaalamu anachukua bakteria walio hai, anawapandia shamba, anawalisha, kisha anangoja waote ndipo awatambue. Mkulima naye hawezi kukuambia habari za mche ambao haujatoka ardhini.

Shamba lenyewe ni sahani ndogo ya duara yenye kifuniko, iliyomwagiwa rojo lililoganda kama jeli. Kinachoigandisha huitwa agari, nayo hutoka kwenye mwani wa baharini. (Mwani unaolimwa na akina mama wa Mlingotini, Bagamoyo, ni wa aina nyingine, hautoi agari.) Wazo la kuitumia lilitoka jikoni. Mnamo 1881 Fanny Hesse, mke wa daktari mmoja wa Ujerumani, alimshauri mumewe atumie agari aliyokuwa akigandishia vyakula vyake, kwa sababu jelatini ya maabara ilikuwa inayeyuka siku za joto. Mume alikuwa akifanya kazi kwa Robert Koch, na Koch ndiye huyo aliyefika Dar es Salaam mwaka 1897 kuchunguza malaria. Kwa joto letu la pwani, jelatini ingekuwa uji kabla ya saa sita mchana.

Sasa tufuate mkojo wa yule mtoto. Siku ya kwanza mtaalamu anachukua waya wenye kitanzi kidogo, anauchoma kwenye moto hadi uwe mwekundu ili usiwe na mdudu wa nje, anauacha upoe, anauchovya kwenye mkojo na kuuburuza juu ya sahani. Kitanzi hicho hubeba sehemu moja tu ya elfu ya mililita. Sahani inaingia kwenye kabati lenye joto la mwili, nyuzi 35 hadi 37, na kulala humo usiku kucha.

Siku ya pili anafungua. Kila bakteria aliyeangukia mahali pake amekwisha zaliana na kuwa kundi linaloonekana kwa macho, kama tone dogo. Anayahesabu. Akikuta matone 100, anajua kila mililita ya mkojo ilikuwa na bakteria kama 100,000, na kiasi hicho, kikiwa cha aina moja, kwa kawaida huonyesha ugonjwa wa kweli. Halafu anaangalia rangi. Kuna sahani ambayo bakteria wa utumbo aitwaye E. koli hugeuka waridi juu yake, naye ndiye anayeongoza kwa kuleta UTI. Kisha anapaka kidogo kwenye kioo na kukitia rangi kwa njia iliyotolewa na Mdenmark Hans Christian Gram mwaka 1884: rangi ya zambarau, aidini, spiriti ya kusuuza, na mwisho rangi nyekundu. Chini ya darubini wengine hubaki zambarau, wengine huwa waridi. Wengine ni vijiti, wengine wamekaa kama kichala cha zabibu. Hawa wa kichala, ambao mara nyingi hutoka kwenye majipu na vidonda, wakidondoshewa haidrojeni peroksaidi hutoa povu papo hapo. Ndugu zao waliojipanga kama shanga hawatoi.

Lakini jina la mdudu halitoshi, tunataka kujua nini kitamuua. Kwa hiyo anapandwa tena, akaenea sahani nzima, na juu yake vinawekwa vikaratasi vya duara vilivyoloweshwa dawa, kila kimoja na yake. Usiku mwingine unapita. Siku ya tatu, dawa inayofaa imezungukwa na duara tupu ambamo hakuna kilichoota, na mtaalamu hulipima upana kwa rula. Dawa isiyofaa, bakteria wameota hadi ukingoni mwake. Hizo ndizo siku tatu. Damu huchukua hata siku tano au saba, na kifua kikuu, ambaye ni mvivu kuliko wote, huhitaji wiki kadhaa.

Je, kungoja huku kuna faida? Huko Moshi, mwaka 2007 na 2008, watafiti walifuatilia wagonjwa 870, watoto kwa wakubwa, waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili. Walioandikiwa kuwa wana malaria walikuwa 528. Walipopimwa sawasawa, waliokuwa nayo kweli walikuwa 14 tu! Na 85 walikutwa na bakteria ndani ya damu. Jiulize ni wangapi kati ya hao 85 wangepewa dawa ya malaria na kurudishwa nyumbani.

Kipimo hiki huharibika kwa urahisi, na mara nyingi huharibiwa na sisi wenyewe. Nikiwa kijana kazini niliacha chupa ya mkojo dirishani tangu asubuhi hadi jioni, zamu ilinizidi. Majibu yalikuja yamejaa wadudu wa kila aina, na yule bibi ikabidi arudi safari yote ile kutoa mwingine. Sijasahau uso wake. E. koli akipata joto na chakula hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi, kwa hiyo mmoja anaweza kuwa 64 kwa saa mbili. Ndiyo maana mkojo ufike maabara ndani ya saa mbili, au ukae kwenye baridi bila kugandishwa.

Tumia chupa uliyopewa maabara, si ya soda hata kama umeichemsha. Jisafishe kwa maji na sabuni, mkojo wa kwanza uache uende chooni, kinga ule wa katikati, na usiguse ndani ya chupa. Toa kabla ya kumeza dawa yoyote. Kama umekwisha meza, sema bila aibu, maana bakteria waliopigwa nusu hawaoti na jibu litadanganya.

Ukipewa karatasi ya majibu utaona herufi S na R mbele ya majina ya dawa. S ni ile inayomuua mdudu wako, R ni ile aliyokwisha izoea. Usiipeleke dukani ukanunue S ya bei nafuu. Mrudishie daktari, kwa sababu kati ya hizo S kuna zisizomfaa mjamzito na nyingine zisizofaa kwa mtoto mdogo.