Zege Chini ya Mlima Meru (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia kwa mafundi wa Kilwa, waliochoma matumbawe wakapata chokaa ya kujengea kuba za Msikiti Mkuu. Chokaa ile ilikuwa na udhaifu mmoja: ilihitaji hewa ndipo iwe ngumu, na hewa haipenyi upesi ndani ya ukuta mnene. Warumi walikwisha kupata dawa yake zaidi ya miaka elfu moja kabla, na dawa yenyewe imejaa tele hapa Arusha: majivu ya volkano.

Wao waliyachimba Pozzuoli, karibu na Napoli. Yana silika ambayo, ikikutana na chokaa na maji, hufanya gundi inayoganda hata chini ya bahari. Kwa gundi hiyo walijenga hekalu la Pantheon mjini Roma mnamo mwaka 126. Kuba lake lina upana wa mita 43, halina nondo hata moja, na bado limesimama. Sehemu ya juu walitia mawe mepesi ya volkano yenye matundu ili kupunguza uzito. Mkazi wa Arusha hahitaji kuelezwa mawe hayo yakoje. Meru, iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910, imeyatapika kwa maelfu ya miaka.

Saruji tunayonunua leo kwa mifuko ina ukoo mwingine. Mwaka 1824 Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds, Uingereza, alipata hataza ya kuchoma chokaa pamoja na udongo wa mfinyanzi. Nondo zilikuja baadaye: Joseph Monier, mtunza bustani Mfaransa, alisajili mwaka 1867 vyungu vya maua vya saruji iliyotiwa waya. Zege linavumilia sana kubanwa, lakini likivutwa nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi tu. Chuma ndicho kinachobeba mvuto huo, na bila ndoa hiyo jengo kama la Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha (AICC), lililofunguliwa 1978, lisingesimama.

Sasa twende kwenye saiti, maana huko ndiko nguvu inakopotea.

Zege haliwi gumu kwa kukauka. Saruji inakunywa maji na kujenga fuwele zinazoshikana na mchanga na kokoto, na kazi hiyo huendelea kwa majuma. Ndiyo maana wahandisi hupima nguvu yake siku ya 28. Mfuko wa kilo 50 unatosheka na lita 25 za maji hivi. Saidia fundi akichoka kusukuma koleo, huongeza ndoo nyingine ili mchanganyo uteleze. Maji hayo ya ziada hutoka baadaye na kuacha vitundu, na nguvu hushuka.

Jingine ni mchanga wetu mweusi. Tia kiasi kwenye chupa ya maji, jaza maji, tikisa, kisha uiache mpaka maji yatulie. Ukiona tabaka nene la tope la majivu juu ya mchanga, rudisha lori. Msomaji atauliza: si tumesema majivu ni dawa? Ni dawa yakisagwa laini na kupimwa kiwandani. Yakija kama tope, yanazuia saruji isiishike kokoto.

Kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kuliacha slabu likiungua jua la Januari siku moja baada ya kumwagwa, eti limeshashika. Lifunike kwa magunia, ulimwagilie asubuhi na jioni kwa siku saba.

Juma lijalo tutazungumzia nondo na matetemeko ya Bonde la Ufa. Kwa sasa, wewe unayejiandaa kumwaga zege, tenga kwanza fedha ya maji ya siku hizo saba, ndipo uagize kokoto.