Heshima Isigeuke Ukimya: Vizazi Vinapokutana Wodini

Saa tisa usiku katika wodi ya wazazi, mama anayetarajia mtoto wake wa kwanza anapimwa, na mlango wa kizazi umefunguka sentimita 4. Mkunga wa zamu, aliyeanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1990, anaona kwamba hatua ya uchungu wa kasi imekwisha kuanza, hivyo patografu ifunguliwe mara moja. Daktari tarajali, aliyemaliza chuo mwaka jana, amefundishwa kwamba hatua hiyo huhesabiwa kuanzia sentimita 5. Anataka kusema, kisha anasita. Mkunga huyu ni wa umri wa mama yake mzazi, na jioni walipokutana mlangoni alimwamkia kwa shikamoo.

Mkunga naye ameona jambo jingine. Mama huyu analalamika kichwa kinamuuma, na uso wake umevimba kidogo. Shinikizo la damu lilipopimwa wakati wa kupokelewa lilikuwa la kawaida, lakini uzoefu unamwambia lipimwe tena. Hasemi kitu. Wiki iliyopita daktari mwingine kijana alimjibu mbele ya wagonjwa kwamba mambo ya kale yamepitwa na wakati, na jibu hilo bado linamchoma. Basi wote wawili wananyamaza, mmoja kwa heshima na mwingine kwa uchungu wa moyo. Anayebeba hatari ya ukimya huo ni mgonjwa.

Tukio hili ni mfano tu, lakini wahudumu wa afya watalitambua. Linaonyesha kwamba tofauti za umri kazini si suala la tabia njema peke yake. Katika hospitali ni suala la usalama wa mgonjwa.

Pengo lilikotoka

Mahali pengi pa kazi vizazi hufuatana kama ngazi: mzee, wa makamo, kijana. Katika sekta ya afya ya Tanzania ngazi hiyo ilikatika katikati. Katika miaka ya 1990, wakati wa marekebisho ya uchumi, serikali ilisitisha kwa sehemu kubwa ajira mpya katika utumishi wa umma. Wengi waliohitimu kipindi hicho hawakuingia wodini, na waliokuwemo waliendelea kuzeeka kazini. Baadaye milango ilifunguliwa tena. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ulioanza mwaka 2007, uliambatana na upanuzi wa vyuo na udahili, na vijana wakaanza kuingia kwa wingi.

Matokeo yake ni kwamba katika vituo vingi waliokutana walikuwa wakongwe na wageni, huku watu wa makamo, ambao kwa kawaida huwa daraja kati ya pande hizo mbili, wakiwa wachache. Mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akifika 60. Kwa hiyo wale walioajiriwa kabla ya pengo hilo wanaondoka sasa. Upande wa pili, baadhi ya vijana wanafanya kazi kwa kujitolea wakisubiri ajira. Kijana asiye na uhakika wa kesho yake ana sababu ya ziada ya kutompinga aliye juu yake.

Kila upande na elimu yake

Si kweli kwamba mzee ana uzoefu na kijana ana elimu, kana kwamba ni vitu viwili visivyokutana. Mhudumu aliyeajiriwa mwaka 1990 amejifunza upya mara nyingi. Alitibu malaria kwa klorokwini hadi mwaka 2001, ilipoachwa kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Akahamia SP, nayo ikaachiwa nafasi na dawa mseto kufuatia uamuzi wa mwaka 2004. Kisha vikaja vipimo vya haraka, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Huyo huyo aliwauguza wagonjwa wa UKIMWI kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004. Mtu wa namna hii hawezi kuitwa mgumu wa kubadilika.

Hata ubishi wa sentimita 4 na 5 una historia yake. Patografu iliyorekebishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2000 ilianzia sentimita 4, ikitarajia mlango wa kizazi ufunguke angalau sentimita 1 kwa saa. Mapendekezo ya mwaka 2018 yaliusogeza mwanzo huo hadi sentimita 5 na kuacha kumpima kila mama kwa kigezo cha sentimita 1 kwa saa, kwa kuwa wanawake wengi huenda polepole zaidi na bado hujifungua salama. Mkunga hakukosea alivyofundishwa, na kijana hana kiburi kwa kujua jipya. Kila mmoja anazungumza kutoka chuo cha wakati wake. Wasipoambiana, mama mmoja ataharakishwa pasipo sababu, na mwingine atacheleweshwa wakati dalili za hatari zikiwa wazi usoni pake.

Kusema kama wajibu

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wodini, guu lililo hatarini ni la mgonjwa, na mkuu naye anaweza kuwa hajaona. Haitoshi basi kuwahimiza vijana wawe jasiri au wazee wawe wapole. Ujasiri hupungua saa tisa usiku, na upole hupungua wodi inapojaa. Kinachodumu ni utaratibu unaomtaka kila mtu aseme, ili kusema kuwe sehemu ya kazi na kusionekane ukosefu wa adabu.

Mfano mashuhuri unaihusu Tanzania moja kwa moja. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilizindua orodha ya ukaguzi wa usalama katika upasuaji. Kabla ya mgonjwa kupasuliwa, kila aliyemo chumbani hutaja jina na kazi yake, kisha timu huthibitisha pamoja jina la mgonjwa, aina ya upasuaji na mahali pa kupasua. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali 8 za nchi mbalimbali, mojawapo ikiwa Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha kwamba vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Muuguzi kijana aliyekwisha kutaja jina lake mbele ya daktari bingwa hupata wepesi wa kusema tena anapoona kasoro.

Hata hivyo karatasi peke yake haiponyi. Utafiti uliofanywa katika jimbo la Ontario nchini Kanada na kuchapishwa mwaka 2014 haukuona upungufu wa maana wa vifo baada ya orodha hiyo kufanywa ya lazima. Visanduku vinaweza kutiwa alama huku watu wakiendelea kunyamaza.

Funzo jingine linatoka Haydom, mkoani Manyara. Huko mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua hayakubadilisha sana utendaji wodini. Yalipofuatwa na mazoezi mafupi ya mara kwa mara papo hapo kazini, kwa kutumia mwanasesere, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mazoezi ya namna hiyo yana faida ya pili. Mbele ya mwanasesere, mkongwe na mgeni hukosea pamoja na kurekebishana bila mgonjwa kuumia na bila mtu kuaibishwa.

Yanayowezekana kesho asubuhi

Mengi hayahitaji fedha. Kiongozi wa wodi anaweza kuagiza kwamba katika makabidhiano ya zamu aanze kusema aliye mdogo kwa cheo, kwa sababu mkubwa akitangulia, wadogo humuunga mkono tu. Anaweza kuwapanga zamu moja mkunga mzoefu na kijana, na kuwapa wote wawili kazi ya kufundishana: mmoja afundishe namna ya kumsoma mgonjwa kwa jicho na mkono, mwingine afundishe mwongozo mpya na mfumo wa kompyuta. Mwongozo unapobadilika, uelezwe kwa watumishi wote siku moja, ili mzee asiusikie kwa mara ya kwanza akisahihishwa mbele ya wagonjwa.

Namna ya kuitana nayo ina uzito. “Mwanangu” ni neno la upendo katika chumba cha chai. Mbele ya mgonjwa, “dokta” humpa kijana nafasi ya kutimiza wajibu wake. Kijana naye hapungukiwi kitu akisema, “Mama, naomba unieleze ulichokiona.” Shikamoo ibaki. Baada ya marahaba, mazungumzo yaanze.

Wodi yenye utaratibu huo ingeumaliza usiku ule kwa namna nyingine. Daktari tarajali angeulizwa maoni yake kwanza, naye angetaja sentimita 5. Mkunga angetaja maumivu ya kichwa na uso uliovimba. Patografu ingesubiri kidogo, mapigo ya moyo wa mtoto yangeendelea kusikilizwa, na shinikizo la damu lingepimwa tena bila kuchelewa. Kama lingekuwa limepanda, dawa ya kuzuia kifafa cha mimba ingeandaliwa kabla ya degedege la kwanza. Mama angeamka asubuhi bila kujua kwamba uhai wake ulikuwa mikononi mwa watu wawili wa rika tofauti waliokubali kuambiana walichokiona.