Jina la Nyanya: Mzigo au Baraka?

Mtoto wa kike akizaliwa Kibera au Kawangware, mabishano huanza uji wa mama haujapoa. Mama kijana anataka jina la kisasa. Nyanya naye anauliza, "Sasa mimi nikienda, nani atabaki na jina langu?"

Wanaokataa majina ya zamani wana sababu. Mtoto atachekwa shuleni, wanasema. Tena jina hutangaza kabila, na wengi hawajasahau fujo za baada ya uchaguzi wa 2007, jina tu lilipotosha kumponza mtu. Hofu hiyo tusiidharau.

Wanaoyapenda husema jina ni kumbukumbu. Kwa Wakikuyu, msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, wa pili la nyanya mzaa mama. Achieng wa Wajaluo alizaliwa jua likiwaka. Nekesa wa Wabukusu, wakati wa mavuno. Na Wangari Maathai hakuzuiwa na jina la kale kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004.

Ndugu, patanani mapema. Mtoto aweza kubeba majina yote mawili. Lakini msibishane hadi muda upite: kuzaliwa kuandikishwe kabla ya miezi 6, la sivyo karatasi na gharama huongezeka. Jina laweza kubadilishwa ndani ya miaka 2 tangu kuandikishwa.

Ulizaneni kikundini: ni watoto wangapi kwetu bado hawana cheti?