Ufunguo wa Gari Unapokuwa Bubu

Si jambo geni siku hizi, katika mitaa ya Musoma na Bunda na hata kule Butiama, kumwona mwenye gari amesimama kando ya mlango, akibonyeza kitufe cha ufunguo mara tano au kumi, nalo gari limekaa kimya. Magari mengi ya huko yaliingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika Japani kwa miaka mingi, na funguo zake zimezeeka pamoja nayo. Aghalabu mwenye gari huambiwa kwamba rimoti imekufa, au kwamba "kompyuta" ya gari imeharibika, naye huingia gharama kubwa. Hukumu hiyo mara nyingi hutolewa kabla ushahidi haujasikilizwa, na ushahidi wenyewe huweza kukusanywa kwa fizikia ile ile ifundishwayo katika shule za sekondari.

Hapana budi kwanza kutenganisha kazi mbili za ufunguo wa namna hii. Ndani yake mna redio ndogo ya kurushia mawimbi, iendeshwayo kwa betri, ambayo kazi yake ni kufunga na kufungua milango. Katika magari yenye kinga ya wizi mna pia chipu ndogo isiyo na betri, ambayo huutambulisha ufunguo kwa injini. Koili iliyozunguka tundu la ufunguo hutoa usumaku unaobadilika mara 125,000 au 134,000 hivi kwa sekunde, na usumaku huo huzalisha umeme ndani ya chipu, kama ilivyo katika transfoma. Kwa hiyo ufunguo uliokwisha betri kabisa bado waweza kufungua mlango kwa meno yake na kuiwasha injini.

Baada ya hapo ijaribiwe swichi iliyo katika mlango wa dereva. Ikiwa yafunga na kufungua milango yote, mota za kufuli ni nzima, na kosa liko ama kwa mrushaji ama kwa mpokeaji wa mawimbi. Ufunguo wa akiba ukifanya kazi, basi mpokeaji naye hana kosa.

Inabaki betri, na hapa ndipo wengi hupotea. Betri hiyo ni bapa kama sarafu. Ile iandikwayo CR2032 ina kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2, na ikiwa mpya hutoa volti 3 na zaidi kidogo. Fundi huipima kwa mita, akaona volti 3.1, akatangaza kwamba ni nzima. Lakini mita hudai mkondo mdogo mno, na kupima betri bila kuitumikisha ni sawa na kumpima mpagazi nguvu akiwa ameketi. Kila betri ina ukinzani wake wa ndani, na ukinzani huo hukua kadiri betri inavyochakaa. Tuseme umefikia omu 100, na redio ya ufunguo yahitaji miliampia 10. Volti zinazopotea ndani ya betri ni 0.010 × 100, yaani volti 1 nzima, na redio hubakiwa na volti 2.1, ambazo huenda zisiitoshe. Kama ukinzani ungalikuwa omu 15, zingalipotea volti 0.15 tu. Kwa hiyo mita ishikizwe kwenye betri wakati kitufe kinabonyezwa. Taa nyekundu ya ufunguo nayo si shahidi wa kuaminika, kwani huweza kuwaka kwa umeme ambao redio hushindwa kuutumia.

Betri mpya nayo ikishindwa, vitazamwe vibati vinavyoishika. Ufunguo ulioshikwa kwa mikono yenye majimaji, tuseme ya mtu atokaye mwaloni Mwigobero, huota kutu ya kijani, ambayo husafishwa kwa pamba iliyochovywa katika spiriti. Mtu akitia CR2016, yenye unene wa milimita 1.6, mahali pa CR2032, betri hucheza na mguso hukatika. Chini ya kila kitufe cha mpira huwa kuna kidonge cheusi chenye kaboni, ambacho huunganisha njia mbili za umeme, na kikichakaa, kitufe hubonyea bila matokeo. Funguo zilizoanguka mara nyingi huwa na nyufa katika lehemu, na fundi redio mwenye lenzi na mkono mtulivu huzimaliza kwa dakika chache.

Yawezekana pia kila kitu ni kizima ila hesabu zimepishana. Katika mifumo mingi ufunguo haurudii neno lile lile la siri, bali kila ubonyezwapo husogeza hesabu hatua moja mbele, ili mwizi anayenasa mawimbi asiweze kuyatumia tena. Mfumo mmoja maarufu, KeeLoq, ulibuniwa Afrika Kusini katika miaka ya 1980, na mwaka 1995 ukanunuliwa na kampuni ya Marekani iitwayo Microchip. Katika mfumo huo, mtoto akichezea kitufe mbali na gari zaidi ya mara 16, gari hudai libonyezewe mara mbili mfululizo ndipo likubali. Magari mengine yana utaratibu wake, ulioelezwa katika kitabu cha gari; nacho, kama kilifika, huwa kimeandikwa Kijapani.

Ununuzi wa ufunguo mwingine nao una mitego. Rimoti za magari ya Japani hutumia masafa ya karibu megahezi 315, na zile za Ulaya megahezi 433.92. Mbili zaweza kufanana kama mapacha, lakini zisisikizane na gari moja. Anayebadili ganda lililopasuka naye achunguze kama chipu ya injini imenata katika ganda la zamani. Ikitupwa pamoja nalo, gari lililokuwa na ugonjwa wa milango tu halitawaka tena.

Betri iliyotolewa ibandikwe utepe pande zote mbili na kuwekwa mbali na watoto. Ikimezwa na kukwama kooni, huweza kuunguza nyama kwa muda wa saa mbili tu, hata ikiwa imechoka kuendesha rimoti. Mtoto apelekwe hospitali mara moja, bila kutapishwa na bila kungojea dalili.