Zabibu Nyekundu ya Makutupora na Mvinyo Wake

Usenge, mji wa wavuvi katika Kaunti ya Siaya, uko ufuoni mwa Ziwa Victoria katika kimo cha takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Dodoma, jiji la katikati ya Tanzania, haliko mbali na kimo hichohicho. Hata hivyo ni Dodoma iliyopata sifa ya mizabibu katika Afrika Mashariki. Tofauti hiyo inatokana kwa kiasi kikubwa na mpangilio wa mvua. Dodoma hunyeshewa msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, kwa wastani usiofika milimita 600 kwa mwaka, kisha hufuata miezi mingi ya ukavu. Usenge ina masika na vuli pamoja na unyevu wa ziwa, na unyevu huo hukaribisha magonjwa ya ukungu, hasa ubwiri unga, ambao hufunika majani na matunda kwa utando mweupe, na ubwiri vinyoya, ambao huota upande wa chini wa majani.

Kilimo cha zabibu kilianza Dodoma katika miaka ya 1950 kupitia wamisionari Wakatoliki wa Bihawana, waliohitaji divai ya misa. Miongoni mwa aina zilizostawi, nyekundu inayolimwa zaidi na wakulima wadogo ni ile iliyochukua jina la Makutupora, kijiji kilicho kaskazini mwa jiji, ambako pia kuna kituo cha utafiti wa zao hilo. Katika nchi za baridi mzabibu hupukutisha majani na kupumzika wakati wa kipupwe, lakini Dodoma haina baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima huupogoa, yaani hukata matawi yaliyokwisha kuzaa ili machipukizi mapya yatoke na kuchanua, na kwa njia hiyo huvuna mara mbili kwa mwaka.

Wekundu wa mvinyo hutoka kwenye maganda, kwa kuwa juisi ya zabibu nyingi nyekundu haina rangi ya kutajika. Kwa sababu hiyo zabibu husagwa na kuachwa zichachuke pamoja na maganda yake, huku hamira ikigeuza sukari kuwa kileo, na maganda yakiachia rangi pamoja na tanini, kemikali inayokausha ulimi na kuusaidia mvinyo kudumu. Maganda huelea juu, hivyo hayana budi kuzamishwa mara kwa mara, na pipa lisipopozwa katika joto la Dodoma, harufu nzuri ya tunda hupotea na hamira yenyewe inaweza kufa kabla sukari haijaisha.

Sehemu kubwa ya mavuno huishia kuwa mchuzi wa zabibu, yaani mvinyo ghafi unaouzwa kwa lita kwa viwanda vya vinywaji, na hapo ndipo zabibu hii inapokosewa haki, kwa kuwa jina lake hupotea humo. Kenya ilipotengeneza mvinyo wa Leleshwa huko Naivasha, ilitumia Shiraz, aina yenye asili ya Ufaransa inayolimwa duniani kote, na mnywaji huisoma kwenye chupa; Makutupora, ambayo ni ya Dodoma hasa, inastahili kusomwa vivyo hivyo.