Usipande Nyanya ya Aina Moja Tu

Siku hizi mchuzi bila nyanya huonekana kama haujakamilika. Hata hivyo, nyanya siyo mmea wa asili ya Afrika. Asili yake ni Amerika. Wenyeji wa Meksiko waliilima kabla Wazungu hawajafika kwao. Baadaye Wazungu wakaieneza duniani, na leo inalimwa kila pembe ya Tanzania.

Sisi wa Magole tuko kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, karibu na soko la Dumila. Kwa hiyo nyanya kwetu ni chakula, na pia ni fedha. Lakini wengi wetu tunapanda aina moja tu, ile iliyopandwa na jirani. Ugonjwa ukiingia, shamba lote huondoka. Nyanya zikiiva, zote huiva pamoja na bei huanguka. Wiki chache baadaye tunanunua nyanya za watu wengine. Je, hili halina dawa? Dawa ipo: tupande aina mbili au tatu.

Aina ndefu na aina fupi

Kuna nyanya ndefu na nyanya fupi. Nyanya ndefu huendelea kurefuka na kuzaa kidogo kidogo kwa muda mrefu. Hizi zinahitaji mambo, yaani miti ya kuzishikilia. Pia unapaswa kuondoa machipukizi yanayoota kwapani mwa majani. Nyanya fupi hufika kimo chake zikakoma. Matunda yake mengi huiva kwa wakati mmoja.

Hizi ni baadhi ya aina zinazojulikana hapa nchini:

1. Moneymaker. Ni ndefu. Tunda lake ni la mviringo na lina maji mengi. Ni nzuri kwa kachumbari. Ngozi yake ni laini, kwa hiyo haivumilii safari.

2. Tengeru 97. Ni ndefu pia. Ilitokana na utafiti uliofanywa Tengeru, Arusha. Inavumilia mnyauko wa fusari na minyoo fundo ya mizizi. Ngozi yake ni ngumu, na hukaa siku nyingi baada ya kuvunwa.

3. Tanya, Roma na Cal J. Hizi ni fupi. Nyama yake ni nene na maji ni machache. Zinafaa kwa rosti, kwa kukausha, na kwa kupanga kwenye tenga la kupeleka sokoni.

Kwa hiyo, usiulize tu, "Ipi inazaa sana?" Uliza pia, "Naipanda kwa kazi gani?"

Tupige hesabu. Tuseme una nafasi ya miche 30 nyuma ya nyumba. Panda miche 10 ya Moneymaker kwa ajili ya kachumbari. Panda 10 ya Tengeru 97 kwa kuvuna kidogo kidogo. Panda 10 ya Tanya kwa kuuza. Usipande yote siku moja. Acha wiki tatu kati ya kundi na kundi. Hapo utakuwa na nyanya kwa muda mrefu, na ugonjwa hautakuta kila kitu katika hali moja.

Soma pakiti kabla ya kununua

Hapa ndipo kusoma kunapolipa. Mbegu mbaya haitambuliki kwa macho. Inatambulika baada ya miezi miwili, fedha zikiwa zimekwisha kwenda. Nunua pakiti iliyofungwa. Tafuta jina la aina, tarehe ya mwisho ya kutumika, na lebo ya TOSCI. Hii ni taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na makao yake makuu yako Morogoro.

Ukiona alama F1, jua hiyo ni mbegu chotara. Huzaa sana, lakini usiweke mbegu za matunda yake. Watoto wake hawatafanana na mama. Aina nilizotaja hapo juu si chotara, kwa hiyo unaweza kujiwekea mbegu. Chagua tunda zuri lililoiva, kutoka mche usio na ugonjwa. Kamua mbegu kwenye chombo, acha siku mbili au tatu mpaka utelezi uachie. Osha, anika kivulini, kisha andika jina na tarehe.

Kutunza

Hamisha miche baada ya wiki tatu hadi nne kitaluni, wakati wa jioni. Acha sentimita 50 hadi 60 kati ya mche na mche. Tandaza nyasi kavu chini. Mwagilia udongo, siyo majani, maana majani yenye unyevu hukaribisha bakajani, hasa wakati wa masika. Mwagilia kwa mpango. Ukikausha sana kisha ukajaza maji, matunda huoza kitako.

Usipande nyanya mahali palipokuwa na nyanya, ngogwe, biringanya au pilipili. Magonjwa ya mimea hiyo ni ya ukoo mmoja. Panda kwanza mahindi au maharage.

Yuko pia kantangaze, mdudu aliyeonekana nchini mwaka 2014. Kiwavi wake hutoboa majani na matunda. Kupanda aina nyingi hakumzuii. Okota matunda yaliyotobolewa, yafukie chini sana, na ng'oa masalia baada ya mavuno. Ukipiga dawa, soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kama imeandikwa siku 7, usichume siku ya 3, hata mnunuzi akisimama mlangoni. Watakaokula ni watoto wa mtu.

Mwisho, tusilime ukingoni mwa mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka tuache mita 60. Tena sisi tuliyaona mafuriko ya Januari 2014. Mto hauombi ruhusa.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijaji chenu mnapanda aina ngapi za nyanya? Kwa nini?
2. Nyanya fupi na nyanya ndefu zinatofautianaje?
3. Kwa nini hatuweki mbegu ya F1?
4. Leteni pakiti moja ya mbegu. Someni pamoja kila kilichoandikwa.